Namna ya Kuziba Mishipa ya Moyo Upesi

Daktari amekwambia mishipa inayolisha moyo wako imeanza kuwa myembamba kwa mafuta yaliyojijenga kwenye kuta zake. Usivunjike moyo. Kazi ngumu umeshaifanya. Fuata hatua hizi umalizie.

1. Acha dawa ukijisikia vizuri. Presha haina makelele: hupita 140/90 miaka na miaka bila kichwa kuuma, huku ikichubua mishipa. Basi kichwa ndicho kiwe kipimo chako, kisipouma, umepona. Na kama umewekewa stenti, kile kijibomba cha kuuweka mshipa wazi, vidonge vya kuzuia damu isigande tupa bila kumuuliza daktari. Damu itajua pa kugandia.

2. Sigara usiiache. Mwaka mmoja tu bila sigara hushusha hatari karibu nusu, na hatutaki hasara hiyo. Mkeo akilalamika, punguza hadi moja kwa siku, umwambie hiyo haidhuru. Inadhuru sana, ila yeye hajui.

3. Kula kama mwenye nafasi. Chipsi mayai iwe ya mafuta yaliyokaangiwa tangu juzi. Chumvi nyunyiza kabla ya kuonja. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko cha chai. Wewe zimalize kwenye nyama choma ya kwanza.

4. Kitambi kiite afya. Kutembea haraka dakika 150 kwa wiki ni shida za wasio na nauli. Dukani nenda na bodaboda.

5. Sukari usipime. Kisukari kilichoachwa huharibu mishipa ya damu na ya fahamu pia, hata shambulio la moyo likaja bila maumivu. Raha iliyoje!

6. Kifua kikibana, maumivu yakapanda begani na tayani, jasho jembamba likakutoka, sema ni gesi. Kunywa soda, ulale. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, pale Muhimbili, huzibua mishipa bila kupasua kifua, lakini kwa nini uwasumbue usiku? Misuli ya moyo iliyokosa damu itakuwa inakufa taratibu, haina haraka ya kukuaga.

Umri na ukoo hakuna awezaye kuvibadili. Haya sita yote yamo mikononi mwako. Ukiyaona mazito, yageuze: meza dawa, zima sigara, tembea, pima, na kifua kikibana, nenda hospitali saa hiyohiyo.