Pongezi kwa Kutufutia Usonji

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya ya Umma, Kinshasa
Yahusu: Shukrani za wazazi wa Masisi na Walikale

Mheshimiwa Waziri,

Tunakuandikia kukupongeza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Huku kwetu ni kama hakuna. Asipokuwepo wa kuutambua, hauingii kwenye ripoti ya zoni ya afya. Na kisichoingia kwenye ripoti, Kinshasa hakipo.

Nchi nyingine zinapoteza muda. Humuuliza mama maswali 20 mtoto akiwa na miezi 16 hadi 30: akiitwa jina anageuka? Anakuonyesha kwa kidole kitu kilichompendeza? Sisi tunalo neno moja: subiri. Miaka miwili, atasema tu. Mitatu, hata baba yake alichelewa. Mitano, amerogwa, apelekwe chumba cha maombi afungishwe mpaka pepo atoke. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi. Sheria nzuri kabisa, ila haisemi mama akitoka kwa mchungaji abishe hodi wapi.

Mama mbishi huelekezwa Goma, kwa Mabruda wa Charité, kwenye kituo chao cha Tulizo Letu. Asiporidhika, Kinshasa ipo. Barabara ya kumfikisha huko hakuna, na uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa Januari 2025, lakini karatasi ya rufaa anapewa, ina sahihi na muhuri.

Tulitaka nakala ya barua hii iende kwa mtawala wa mahali, tukakwama kwenye anwani. Waasi wa M23 waliingia Masisi-kati Januari 2025. Walikale-kati waliingia Machi, wakatoka Aprili. Kila mji ulipobadili mikono, watu walikimbia. Katika mbio hizo, mtoto asiyegeuka akiitwa anaweza kuachwa nyuma, au kufuata njia inakotoka milio ya risasi. Akikua, barieri zinamngoja: askari anauliza jina, kijana anatazama pembeni, na kimya chake kinaitwa ukaidi. Huo ndio uchunguzi wa usonji tulionao, Mheshimiwa, na majibu yake hayachelewi.

Tukivumiliwa, tuna ombi. Siku ya kupima watoto, mama hupanga foleni kituoni na mtoto mgongoni. Muganga yupo, mizani ipo, mama amekwisha kufika. Mpeni muganga huyo yale maswali 20 kwa Kiswahili, Kihunde, Kinyanga na Kinyarwanda. Wafundisheni reko, wahudumu wa afya wa kijiji, kuyauliza. Kisha mzazi afundishwe kucheza na kuzungumza na mtoto wake nyumbani. Shirika la Afya Duniani lina mafunzo hayo tayari, na anayeyatoa si lazima awe daktari bingwa.

Gharama ni fotokopi. Malori yanayobeba koltani ya Rubaya hayatashindwa na uzito wake.

Na msituambie tungoje amani kwanza. Chanjo ya surua imewahi kufika Masisi vita vikiendelea, kwa kuwa kuna mtu aliyeamua ifike. Karatasi ni nyepesi kuliko sanduku la barafu.

Wazazi wa Masisi na Walikale