Mpanda Mlima wa Jozani

Mume wangu alijiandaa kwa safari ya Unguja kama anayekwenda Kilimanjaro: buti nzito, fimbo mbili, na filimbi ya kuitia msaada. Kufika msitu wa Jozani, njia tambarare kama mkeka. Hata kwenye mikoko wametandika daraja la mbao.

Dakika 20 tu, Baba Asha kajibwaga kwenye kisiki: malengelenge miguuni, urojo wa jana ukimnguruma tumboni. Kiongozi wetu, na kandambili zake, anaeleza kwamba kima punju hutafuna mkaa kupunguza makali ya majani ya miembe.

Baba Asha akainua kichwa. "Mama Asha, hebu waulize, mkaa wenyewe wanauza wapi?"

Nikamwambia: mlima tumeshaupanda, mume wangu, kilichobaki ni wewe kushuka kwenye hayo mabuti.