Mtembea Bure na Gharama Zake

Dar es Salaam mtu hatembei bila sababu. Ukionekana Barabara ya Shekilango saa kumi na mbili asubuhi, mikono mitupu, huna begi wala mfuko wa sokoni, watu huanza kukuhesabia matatizo: gari limeharibika, nauli imekata, au mke kakufungia nje. Konda wa daladala hugonga bodi gari likapunguza mwendo, akachungulia mlangoni kwa huruma ya kibiashara: "Mzee, panda tu, nauli tutaongea." Ukimjibu kwamba unafanya mazoezi, anatazama kitambi, anatazama miguu, kisha anakubali kwa shingo upande kwamba katika dunia hii yote yanawezekana.

Kwa hiyo mtembeaji wa mjini anahitaji vifaa, na kazi ya kwanza ya vifaa hivyo ni kumkinga na maswali. Magoti yanafuata baadaye. Daktari hakuniambia hilo. Alinipima presha, akairudia kupima, akavua miwani na kuniandikia kutembea nusu saa kila siku. "Hii," akasema, "ndiyo dawa pekee isiyouzwa." Daktari yule, Mungu amzidishie umri, hajawahi kutia mguu Soko la Karume.

Karume, pale Ilala, ndipo raba za Ulaya na Marekani huja kuanza maisha ya pili. Kijana mmoja alinitazama miguu kabla sijamsalimia, akasema "arobaini na tatu hiyo," akazama chini ya turubai na kuibuka na jozi ya kijivu yenye mistari ya rangi ya chungwa. "Gredi ya kwanza, mzee wangu. Mzungu kaivaa mara moja, akaiogopa." Alifungua kwa 60,000, tukafungia 35,000, kila mmoja akiapa kwamba amedhulumiwa.

Na sikununua kama kipofu. Nilikwenda jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda, na kiatu kilichokukaa vizuri asubuhi kinaweza kukung'ata ikifika alasiri. Nilihakikisha mbele panabaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Nilikikunja: kiatu cha kutembea kinatakiwa kipinde pale vidole vya mguu vinapoanzia. Kikipinda katikati ya unyayo, mwachie mwenyewe. Kisipopinda kabisa, hicho ni cha fundi wa ujenzi. Mitihani yote hiyo jozi yangu ilifaulu, tena kwa alama za juu. Mtihani wa umri ndio hakuna aliyeutaja.

Siku moja nilikuwa nakaribia Mwenge niliposikia mtu ananifuata. Pa, pa, pa. Nikaongeza mwendo, naye akaongeza. Nikapunguza, akapunguza. Mjini hapa unajua mwenyewe mambo ya vibaka, nikajipa moyo na kugeuka ghafla. Hakuna mtu. Ilikuwa soli ya mguu wa kulia, imeachana na kiatu tangu kisiginoni na kubaki imeshikilia kidoleni, kila hatua ikipiga lami.

Chini ya mti palikuwa na fundi viatu ambaye hata gunia lake hajalitandika vizuri. Alikipokea kiatu, akakibonyeza kwa kidole gumba, na povu lote la soli likamegukia kiganjani mwake kama ugali uliolala. Akalitazama. Akanitazama. "Mzee," akasema taratibu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari za msiba, "hiki hakishoneki wala hakigundiki. Kimeoza."

Fundi yule hakusoma kemia lakini alisema kweli tupu. Baadhi ya raba zina tabaka la povu la poliurethani katikati ya soli, na povu hilo hunywa unyevu wa hewani na kukatikakatika lenyewe, hata kiatu kikiwa kimelala ndani ya boksi. Kiatu kisichovaliwa nacho kinazeeka. Mzungu wangu inawezekana kweli alikivaa mara moja, ila baada ya hapo kikakaa kabatini miaka mingi kabla ya kupandishwa meli kuja huku, ambako hewa yenyewe unaweza kuikamua. Siku hizi nikienda Karume nainua ulimi wa kiatu kwanza. Aghalabu chini yake kuna kilebo chenye namba ndogondogo, na kati ya namba hizo huwa kuna tarehe ya kutengenezwa. Halafu nalibonyeza povu kwa ukucha. Likinyanyuka lenyewe, tunaongea bei. Likibaki na alama au likiacha ungaunga kidoleni, namtakia kijana biashara njema. Muuzaji hapendi, lakini hata mnunuzi wa ng'ombe humfungua mdomo akamhesabu meno.

Nilirudi nyumbani kwa malapa ya kuazima, moja la bluu na jingine la kijani.

Soksi sitazisemea sana. Za pamba, zile nyeupe za wanafunzi, hunywa jasho na kulishikilia, ngozi ikalowa, ikasuguka, na jioni unahesabu malengelenge. Za nyuzi za kutengenezwa hukauka haraka zaidi. Ukipaka mafuta mazito ya mgando katikati ya vidole kabla ya kutoka, msuguano unapungua. Hiyo ni elimu ya mama watoto, aliyoitoa bila kuulizwa, wakati mimi nimeweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi.

Kifaa ambacho nilidhani hakina maneno ni kizibao cha kung'aa. Asubuhi kuna giza, madereva wana usingizi, na mtu mweusi aliyevaa tisheti nyeusi kwenye barabara isiyo na taa anamtegemea Mungu peke yake. Nikanunua cha njano kali chenye mikanda ya fedha inayorudisha mwanga wa taa za magari. Kwa usalama kinafaa mno, sina ugomvi nacho. Tatizo ni kwamba Dar es Salaam kizibao si nguo, ni cheo, na kila anayekiona anakupa cheo anachokitaka yeye. Karibu na Bamaga dada mmoja aliniwekea begi mikononi na mtoto pembeni. "Stendi ya Magufuli shilingi ngapi?" Nikamwambia mimi si bodaboda. Akanizunguka kuangalia nyuma yangu. "Sasa pikipiki umeificha wapi?"

Huyo alikuwa afadhali. Mbele kidogo kuna mama anayekaanga vitumbua pembeni ya barabara. Aliponiona natokea gizani, nang'aa, natembea kwa haraka na kwa nia, alijua mara moja kwamba mgambo wamefika. Akalifunika karai, akalipindua benchi la wateja, akaanza kukusanya na ndoo. Mteja mmoja alikimbia na chai yake mkononi. Nilisimama, nikanyanyua mikono yote miwili kama mimi ndiye ninayekamatwa, nikasema, "Shemeji, natembea tu, ni presha." Akaketi, akashika kifua. "Baba, yaani presha yako umeamua kutugawia?" Kwa aibu nilinunua vitumbua vya kumfariji, na kwa kuwa sikuwa na pa kuvibebea, nikavila. Mazoezi ya siku hiyo yaliishia kwenye hasara.

Kukosa pa kubebea ndiko kulikonifanya nitafute mkoba wa kiunoni. Mzuri ni mwembamba, unaobana mwili na kubeba simu, funguo na noti ya dharura. Mimi niliuziwa mpana, wenye mfuko wa chupa ya maji, ukawa unanipiga makalio kwa zamu, kulia, kushoto, hadi nikauacha. Simu ikahamia mfukoni, na mkono juu ya simu, kwa sababu ya wale vibaka niliokwisha kuwataja.

Mkono kukaa mfukoni ndio ulionigombanisha na saa janja. Ilikuwa zawadi ya binti yangu, na lengo lake tayari limewekwa: hatua 10,000 kwa siku. Namba hiyo wengi wetu tunadhani ilitoka maabara. Ilitoka Japani mwaka 1965, kampuni moja ilipoingiza sokoni kifaa cha kuhesabu hatua na kukipa jina lenye namba hiyo. Tangazo la biashara ndilo lililotangulia, watafiti wakaja kuchunguza baadaye. Shirika la Afya Duniani lenyewe halihesabu hatua, linahesabu dakika: kuanzia 150 hadi 300 kwa wiki kwa mtu mzima, mwendo wa wastani. Nusu saa ya daktari wangu, ukiifanya siku tano, inatimiza hesabu hiyo ya chini bila saa yoyote.

Lakini saa ilikuwa mkononi na ilikuwa na maoni. Nikitoka Sinza hadi Mlimani, nikapanda ule mlima wa Chuo Kikuu ambao hata magari huguna, mkono mfukoni njia nzima, naangalia saa: inaniambia ninyanyuke, nimekaa sana. Saa ya mkononi haina habari na miguu. Ndani yake kuna kihisi kinachopima mtikisiko wa mkono, na mkono uliotulia, kwayo, ni mtu aliyetulia. Mama watoto aliijaribu Jumamosi moja, akaingia nayo uani kutwanga kisamvu. Kabla majani hayajalainika saa ikatetemeka, kioo kikawaka fataki za rangirangi, ikampongeza kwa bidii. Alinionyesha akiwa bado ameshika mchi. Hakusema neno, na hilo ndilo lililouma.

Mpwa wangu anayeishi Helsinki alisikia habari zangu akaniletea fimbo mbili za kutembelea. Huko Ufini hilo ni jambo la heshima. Wanamichezo wao wa kuteleza kwenye theluji walizoea kutembea na fimbo wakati wa kiangazi ili wasilegee, na mwaka 1997 kampuni ya huko ikatoa fimbo zilizotengenezwa mahususi kwa ajili ya watembeaji. "Mjomba," akaniambia kwenye simu, "hakikisha ukiishika, kiwiko kinakaa pembe mraba. Kwenye lami ivishe kile kiatu cha raba." Na kusema haki, fimbo ni nzuri. Mabega yanafanya kazi, mgongo unanyooka, mlima unapungua ukali.

Tatizo ni majirani. Asubuhi ya kwanza nilipishana na mzee wa msikitini, akasimama. "Pole sana, ndugu yangu. Lini?"

"Lini nini?"

"Ajali."

Nikamweleza habari za Ufini, theluji na viwiko. Alinisikiliza kwa upole wa mtu anayemsikiliza aliyegonga kichwa. Mchanga wa mitaa ya ndani ukameza kiatu kimoja cha raba siku hiyohiyo, fimbo ikabaki na ncha ya chuma, ikawa inalia kwenye lami ko, ko, ko, mbwa wote wa mtaa wakapata kazi. Jumapili jirani wa nyumba ya pili akaja na mkewe na mfuko wa machungwa kumwona mgonjwa. Walikuwa wameambiwa natembelea magongo. Mama watoto aliwakaribisha, akapokea machungwa, akasema naendelea vizuri. Fimbo sasa zinaangulia maembe, na kwa kazi hiyo hazina mpinzani.

Kilichobaki mwilini mwangu leo ni raba zenye tarehe ninayoijua, soksi zisizo za pamba, na kizibao, ambacho yule mama wa vitumbua ameshakizoea. Vingine ni mazungumzo. Na hata hivyo vitatu vinategemea kitu ambacho Karume hakiuzwi. Kwetu magari hupita kushoto, kwa hiyo anayetembea barabara isiyo na njia ya miguu hukaa kulia, ayaone yanayomjia. Penye njia ya miguu hukaa humo, na Shekilango njia hiyo ipo. Tatizo ni honi unayoisikia nyuma ya kisogo ukiwa ndani yake.

Basi ndugu zangu wa bodaboda, ile njia pembeni ya lami ilijengwa kwa ajili ya miguu. Tuachieni hadi saa moja tu asubuhi. Baada ya hapo mimi niko nyumbani nakunywa chai ya rangi bila sukari, na mkitaka kuniangulia maembe, fimbo zipo.