Jinsi ya Kutia Injini Kwenye Kinga na Kushuka Kadutu Ukiwa Mzima

Bukavu si mji wa baiskeli, na kila aliyewahi kusukuma kinga, yaani baiskeli, yenye mzigo kutoka ufukweni hadi soko la Kadutu anajua sababu. Ziwa Kivu liko kwenye kimo cha mita 1,460 hivi juu ya usawa wa bahari. Mji umeanzia hapo ukapanda vilima, na baadhi ya mitaa iko juu ya mita 1,600. Ndiyo maana huku barabara ni ya wamotari, na kinga tumewaachia ndugu zetu wa Uvira, wanaoishi kwenye tambarare ya Ruzizi.

Lakini kijana wa Bukavu hakubali kushindwa na kilima. Umeme wa SNEL ukikatika, vijenereta hunguruma kila ua. Kule Bunyakiri na Shabunda misumeno ya injini hupasua mbao kutwa, na mashine za kufyekea majani hufanya kazi mashambani. Vyote hivyo vikichakaa, injini zake huishia mezani kwa fundi. Fundi akishakaa na injini ndogo upande wa kulia na kinga upande wa kushoto, wazo huja lenyewe.

Wazo hilo ni zuri, tena lina ukoo wa heshima. Mwaka 1946, Japani ikiwa imetoka vitani, Soichiro Honda alikuta injini ndogo za jenereta zilizotengenezwa kwa ajili ya redio za jeshi, akazifunga kwenye baiskeli mjini Hamamatsu. Kampuni tunayoijua leo ilichipuka huko. Mwaka huohuo Wafaransa walianza kuuza VéloSoleX, baiskeli yenye injini ndogo juu ya gurudumu la mbele, na kwa miaka iliyofuata ziliuzwa zaidi ya milioni 7. Kwa hiyo jirani akikucheka kwamba unafunga mashine ya majani kwenye kinga, endelea kukaza nati zako.

Mwongozo huu una sharti moja tu: hatua zake zifuatwe kwa mpangilio. Utaona kwamba injini inakuja katika hatua ya tatu. Mwenye haraka asiyeweza kungoja mpaka hapo, huyo hasa ndiye tuliyemwandikia.

Hatua ya kwanza: funga breki

Kosa la wengi ni kudhani kwamba shida ya Bukavu ni kupanda. Kupanda ni shida ya jasho, na ukichoka utashuka usukume. Shida ya Bukavu ni kuteremka.

Tupige hesabu. Wewe, kinga na injini mna kilo 100 kwa pamoja. Ukishuka kilima chenye kimo cha mita 100, breki zako zinapaswa kumeza joto la kutosha kuchemsha maji ya kikombe kikubwa cha chai. Joto hilo lote linaingia kwenye rimu na vipande vinne vya mpira vyenye ukubwa wa kidole gumba. Ukiongeza mwendo kutoka kilomita 20 kwa saa hadi 40, umbali wa kusimama hauongezeki mara mbili. Unaongezeka mara nne. Na mvua, ambayo kwetu huanza Septemba na kuendelea hadi Mei, ikilowesha rimu za chuma, mpira wa breki huteleza tu juu yake.

Kwa hiyo zile breki za fito zilizokuja na kinga, zing'oe. Nyuma, tafuta breki ya drami kutoka kwenye moto (pikipiki) iliyokufa; gereji za mji huu hazikosi mifupa ya TVS. Fundi wa kukereza vyuma atakutengenezea ekseli na vipachiko vinavyoingia kwenye fremu yako. Mbele, weka rimu ya aluminiamu na breki za waya zinazobana pande zote mbili.

Hapa kuna kitu kidogo ambacho watu husahau. Sahani ya drami inapobanwa, nayo hutaka kuzunguka pamoja na gurudumu. Kwenye moto kuna mkono wa chuma unaoishika ili isizunguke. Ukichukua drami, chukua na mkono wake, na uufunge kwenye fremu kwa bolti yenye nati ya kujifunga. Bila mkono huo, siku utakayobana kwa nguvu sahani itajizungusha, itakata waya na kulegeza ekseli, yote kwa mara moja, na itakuwa kwenye mteremko, maana ndipo watu hubana kwa nguvu.

Goma wana somo la kutupa katika jambo hili. Chukudu, chombo chao cha magurudumu mawili, ni ya mbao, haina injini, haina cheni wala pedali, na hubeba magunia ya makaa na viazi kutoka vilimani. Watu wa Goma wanaiheshimu kiasi kwamba tangu mwaka 2009 ina sanamu yake ya rangi ya dhahabu katikati ya mji. Chombo hicho kinakosa karibu kila kitu, lakini dereva wake ana pa kukanyaga ili gurudumu la nyuma lisimame. Kama chukudu ina breki, kinga yako yenye injini ina kisingizio gani?

Pengine fundi atakuambia: «Mdogo wangu, tuweke kwanza injini, breki tutaona kesho.» Mjibu kwa adabu: «Hapana, yaya. Leo breki, injini kesho.» Akisisitiza, mwage kwa adabu hiyohiyo, uende kwa fundi mwingine.

Hatua ya pili: kagua kinga yenyewe

Kinga ilitengenezwa kwa miguu ya binadamu. Ukiitia mashine, kila udhaifu uliokuwa umelala utaamka. Igeuze juu chini, futa vumbi, kisha angalia kila kiungo cha fremu, hasa pale bomba la usukani linapokutana na mabomba mengine mawili. Ufa mwembamba kwenye rangi mara nyingi ni ufa kwenye chuma. Uma wa mbele wenye ufa hauchomelewi, unabadilishwa.

Gonga spoki moja moja kwa bisibisi. Zilizokazwa sawasawa hulia sauti inayokaribiana; iliyolegea hutoa sauti ya kufa. Kaza zote kabla ya kuendelea. Badilisha beringi na mipira iliyoliwa. Rangi mpya, stika za timu ya mpira na honi ya lori havimo katika hatua hii wala katika zinazofuata, kwa sababu hakuna hata kimoja kinachosaidia kusimama.

Hatua ya tatu: sasa, injini

Injini ya mashine ya kufyekea majani inafaa zaidi: ni nyepesi, na ina klachi yake ndani, ile inayoshika yenyewe injini ikizunguka kwa kasi na kuachia ikipungua. Zinazopatikana kwa wingi ni zile za Kichina za cc 43 na cc 52. Ya cc 43 hutoa kama wati 1,250, kwa maneno ya karatasi yake.

Karatasi iliandikwa na watu wa pwani. Huku kwetu hewa ni nyepesi, na injini inayopumua hewa nyepesi hupoteza kiasi cha asilimia 15 ya nguvu zake. Cheni nazo zina ushuru wao. Usikate tamaa lakini: kupandisha kilo 100 kwenye mwinuko wa asilimia 10 kwa kilomita 15 kwa saa kunataka wati 450 hivi. Nguvu zipo. Anayekwenda kutafuta injini kubwa zaidi anatafuta sifa, na sifa zitamlazimu arudi hatua ya kwanza akaongeze breki.

Ifunge injini kwenye kitako cha chuma kilichoshikwa na fremu sehemu tatu, huku chini kukiwa na vipande vya tairi kuukuu vya kumeza mtetemo. Ekzosi itazame mbali na mguu wako na mbali na tanki. Kitufe cha kuzima kikae pale kidole gumba kinapofika bila kuachia usukani, na springi ya kurudisha kishikio cha mwendo ijaribiwe kila asubuhi: ukiachia mkono, injini ishuke yenyewe.

Hatua ya nne: piga hesabu ya gia

Miradi mingi hufia hapa, tena kwa kukosa kalamu tu. Injini hii hupenda kuzunguka mara 6,500 kwa dakika. Gurudumu la inchi 28 likizunguka mara moja, kinga husogea mita 2.2 hivi. Ukitaka kilomita 20 kwa saa, gurudumu linatakiwa kuzunguka mara 150 na ushee kwa dakika. Gawanya: mzunguko lazima upunguzwe kama mara 42.

Kwa sproketi moja hupati 42, ila kwa hatua tatu unapata: punguza mara 4, kisha mara 3.5, kisha mara 3. Hatua ya mwisho ni rahisi kuliko zote, kwani sproketi chakavu za moto, ya meno 14 na ya meno 42, zinakupa 3 kamili. Shafti za katikati zikae kwenye beringi, zisikae kwenye tundu lililotobolewa kwa msumari wa moto.

Wapo watakaokuambia ufanye kama VéloSoleX: kigurudumu kidogo kinachosugua tairi, bila cheni. Kwenye lami kavu ya Ufaransa kilifanya kazi vizuri. Kwenye tope la mtaa wa Panzi kitazunguka peke yake na tairi litabaki limetulia. Wengine watakushauri uibane sproketi kwenye spoki. Spoki hazikuumbwa kuvutwa namna hiyo, na kilima cha kwanza kitazikata. Sproketi ifungwe kwenye habu, kwa bolti.

Usitupe pedali. Kwa gia hizi klachi itashika ukikaribia kilomita 12 kwa saa; chini ya hapo inateleza na kuungua. Anza kwa miguu, iache injini ipokee, na mlima ukiizidi, isaidie.

Hatua ya tano: mafuta

Injini ya mipigo miwili hainywi esansi tupu. Inataka oili ya mipigo miwili, sehemu moja kwa 25, yaani mililita 40 kwa kila lita. Nunua bomba la sindano la mililita 20 kwenye duka la dawa: mabomba mawili kwa lita moja, na ubishi umekwisha. Anayepima kwa macho atanunua pistoni.

Esansi ya kwa Kadhafi, yaani muuza esansi wa barabarani, imewekwa kwenye madumu na chupa, na mara nyingine ina maji na uchafu. Itie kwenye chupa angavu, iache itulie, tazama chini. Maji hukaa chini na huonekana. Chuja kwa kitambaa safi ndipo utie kwenye tanki. Baada ya safari ya kwanza fungua buji uitazame: rangi ya kahawia ni afya, nyeusi yenye mafuta ina maana mchanganyiko umezidi esansi, jambo la kawaida katika kimo chetu, nyeupe ina maana injini inaungua, basi zima na urekebishe kabureta kabla hujaenda popote.

Hatua ya sita: jaribu kusimama

Kabla ya kupanda mlima wowote, tafuta mahali tambarare, asubuhi, pasipo na watoto. Pima mita 50. Ukizipita kwa sekunde 9, uko kwenye kilomita 20 kwa saa. Mwishoni chora mstari kwa chaki, na ukifika hapo bana breki zote mbili. Usimame ndani ya mita 6. Rudia. Kisha mwagia rimu maji na urudie tena, kwa kuwa mvua haitakuuliza kama uko tayari.

Halafu nenda kwenye mteremko mfupi. Kumbuka kwamba klachi hii ikishaachia, injini haikuzuii tena. Unaserereka kama usiye na injini. Kwa hiyo mwendo unapunguzwa kileleni, kabla ya mteremko, na unatunzwa hadi chini kwa kubana na kuachia. Anayengoja kona ndipo abane amechelewa. Kofia iwe kichwani. Kuining'iniza kwenye usukani ni kuilinda kofia. Na abiria asiwepo, wala gunia la makaa: hesabu zote za mwongozo huu zilikuwa za kilo 100, na kila kilo unayoongeza inadaiwa breki.

Hatua ya saba: andika ukutani

Mji huu una mafundi hodari, na una vijana wanaosoma ufundi katika Institut Technique Fundi Maendeleo na shule nyingine. Mikono ipo. Kinachokosekana ni kawaida moja tunayokubaliana wote. Basi kila gereji, kuanzia Nyawera hadi Kadutu, iandike ukutani kwa rangi nyeupe: mita 50, sekunde 9, mita 6. Kinga isiyofaulu isitoke, hata kama mwenyewe amekwishalipa, hata kama ni mtoto wa shangazi. Mwanafunzi wa kwanza kuingia gerejini afundishwe kufunga mkono wa drami kabla ya kufundishwa kuwasha injini.

Na atakayekuja akiwa na injini mkononi na furaha usoni, mpokeeni vizuri, mpeni kiti, kisha mumuulize breki ziko wapi. Akiwa hana, arudi nyumbani na injini yake mpaka azilete.