Usilitukane Jiwe: Mwongozo wa Kubadilisha Bamba la Kinga la Tela

Jiwe likipiga bamba la mbele la tela lako, utasikia mlio mmoja mfupi, kama kijiko kilichoangukia sinia. Usisimame katikati ya barabara kuu kulitafuta. Usilitukane pia, kwa sababu halikusikii. Endesha polepole mpaka penye maegesho, zima gari, kisha usome mwongozo huu tangu mwanzo. Nimeuandika kwa ajili ya mtu anayelipenda tela lake kama bibi anavyolipenda sanduku lake la kanga, na aliye tayari kuchafua mikono ili kulilinda.

Tela ninalolisema ni Airstream, lile la Kimarekani linalong'aa kama sufuria mpya. Wally Byam alianzisha kampuni hiyo mwaka 1931, na tangu 1952 matela yake yamekuwa yakitengenezwa katika mji mdogo wa Jackson Center, jimbo la Ohio. Bodi yake imeundwa kama ya ndege: mabati membamba ya aluminiamu yamepigwa ribiti kwenye mbavu za aluminiamu, na ngozi ile ya nje inabeba uzito pamoja na mbavu. Kwa hiyo tundu kwenye ngozi ya Airstream ni jeraha, wala si doa la urembo tu.

Ndiyo maana pembe za mbele, kule chini, huvikwa bamba la ziada. Tairi za nyuma za gari linalokokota hurusha changarawe, na changarawe hiyo hutua hapohapo. Bamba la kinga limewekwa lipigwe ili ngozi isipigwe. Likibonyea na kupasuka, limefanya kazi yake mpaka mwisho. Liheshimu, litoe, weka jingine.

Tena usidhani mawe ni balaa lililokuzukia wewe peke yako. Mwaka 1959 Byam aliongoza msafara wa matela haya kutoka Cape Town, na mwaka 1960 wakafika Cairo. Waliopita barabara za Afrika za wakati ule na nyumba zao nyuma walikula vumbi na mawe kuliko wewe, na walifika.

Kabla ya yote: somo la sufuria

Mjomba wangu alikuwa fundi wa bati Kamukunji, Nairobi, kabla macho yake hayajachoka. Mtu akimletea sufuria inayovuja na kumwonyesha tundu, mjomba hakushika nyundo. Aliiinua sufuria juani, akaingiza uso ndani yake, akaanza kutafuta nyota. "Hilo ulilonionyesha ni la kwanza kuzaliwa," alikuwa akimwambia mwenye sufuria. "Ngoja tuwatafute wadogo zake."

Shika neno hilo. Jiwe unaliona na mlio wake unausikia, lakini kinachoua tela ni maji, nayo huingia kimya, huishi nyuma ya bamba, na hula sakafu miaka mitano kabla hujajua. Anayebadilisha bamba bila kuyatafuta maji amemvisha mgonjwa shati jipya.

Hatua ya kwanza: Iweke chini hiyo silikoni

Kila maegesho ya matela yana jirani mmoja mwema mwenye bomba la silikoni mkononi. Anakupenda, na bomba lake atakupa bure. Mshukuru, mkaribishe chai, na usilitumie.

Silikoni ya kawaida ya dukani ukiifungua inanuka siki, kwa sababu inapokauka hutoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo hula aluminiamu. Na pahali palipopakwa silikoni hapashiki kitu kingine baadaye, si rangi wala gundi, mpaka upakwangue pote. Tafuta gundi ya kuzibia ya poliurethani, inayotumika kwenye maboti na bodi za magari. Inashika, inabaki laini, na haigombani na aluminiamu.

Hatua ya pili: Zitoe ribiti kwa adabu

Vaa miwani ya fundi. Kipande cha ribiti kinachoruka hakijui tofauti ya jicho na ukuta.

Tia alama katikati ya kila ribiti kwa senta panchi, ili biti ya drili isiteleze na kuchora ngozi ya tela. Tumia biti yenye upana uleule wa ribiti, na toboa kichwa tu. Kichwa kikikatika, acha. Sukuma kiwiliwili kitoke kwa upande wa pili. Mwenye haraka hutoboa mpaka ndani, tundu la milimita 4 likawa la milimita 5, na siku ya kufunga hana ribiti inayolitosha. Kama ribiti inazunguka pamoja na biti, ibane kichwa kwa patasi nyembamba, halafu uendelee taratibu.

Bamba likiwa limebandikwa kwa gundi pia, lipashe kwa hewa moto, kisha uling'oe kwa kikwanguo cha plastiki. Kisu cha chuma kitakuachia mistari ambayo utaiona kila asubuhi maisha yako yote. Na bamba la zamani usilitupe, kwa sababu ndilo kipimo chako.

Hatua ya tatu: Watafute wadogo zake

Hapa usikimbie. Hii ndiyo kazi yenyewe, na hatua nyingine zote ni za kuitumikia.

Futa kwa kitambaa na spiriti ngozi iliyokuwa imefichwa na bamba, kisha uitazame kwa karibu. Ukiona nyuzi nyeupe zinazotambaa kama utando wa buibui chini ya rangi ya kung'arisha, hiyo ni aluminiamu inayoliwa. Mara nyingi huanzia kwenye ukingo uliokatwa au kwenye tundu la ribiti, na chumvi huiongezea kasi. Huko Ohio na majimbo ya baridi barabara humwagiwa chumvi ili kuyeyusha barafu, na chumvi hiyo hupanda hadi kwenye bodi. Kwangua mpaka ufikie aluminiamu safi, kisha upake praima ya aluminiamu.

Sasa ingia ndani ya tela. Toa vitu kwenye sanduku la chini ya kitanda cha mbele, piga magoti, washa tochi. Bonyeza sakafu kwa ncha ya bisibisi, hasa kandokando. Mbao nzima inakusukuma. Mbao iliyooza inakukaribisha.

Mimi nilipotoa bamba la tela langu, ngozi ilikuwa na kidonda kimoja tu, tena kidogo. Ila mwenye tela aliyenitangulia alikuwa amepaka silikoni kuzunguka bamba lote: juu, ubavuni na chini. Taa ya pembeni iliyoko juu yake ilikuwa ikivuja. Maji yaliingilia kwenye taa, yakashuka nyuma ya bamba, yakakuta mlango wa chini umefungwa, yakageukia sakafu. Bisibisi ilizama kwenye ubao kama kisu kwenye ndizi mbivu. Nilikaa pale sakafuni muda mrefu. Kazi niliyoipangia Jumamosi moja ilichukua wiki tatu, na kila siku ya hizo wiki tatu ilistahili, kwa sababu watoto wangu hulala juu ya sakafu ile.

Kwa hiyo, yafuate maji kwa kupanda. Chukua mpira wa maji na umwagie kuanzia chini, dakika kumi kila kimo, huku mtu mwingine akiwa ndani na tochi. Ukianza juu, kila kitu kitalowa na hutajua mwizi ni nani. Ukianza chini, maji yatakapotokea ndani utakuwa umeshajua yameingilia wapi: taa, dirisha au mshono. Paziba hapo kwanza, ndipo uendelee.

Hatua ya nne: Kata kama fundi cherehani

Mimi nimechagua aluminiamu ya unene wa milimita 1 kwa bamba jipya. Ukitaka chuma kisichoshika kutu, ni kigumu zaidi mbele ya mawe, lakini kumbuka kwamba metali mbili tofauti zikigusana na maji ya chumvi yakawa katikati, zinageuka betri, na anayeliwa ni aluminiamu. Tenganisha kwa utepe wa kuzuia mgusano na kwa gundi ya kuzibia, kila mahali, hata chini ya vichwa vya ribiti.

Kata kwanza kiolezo cha karatasi ngumu kwa kulifuata bamba la zamani. Kijaribu kwenye tela, kipunguze, kijaribu tena. Karatasi ni rahisi na haina kinyongo. Ukiridhika, hamishia mchoro kwenye bati huku karatasi yake ya plastiki ikiwa bado haijabanduliwa, ulikate kwa mkasi wa bati, kisha upige tupa kingo zote mpaka kidole kipite bila woga. Pembe zote zizungushe. Pembe kali ndipo ufa unapozaliwa, na ndipo tawi la mti linaposhika.

Usilikate bati lijae kana kwamba halitabadilika. Bati la aluminiamu la mita 2 hurefuka karibu milimita 3 likitoka kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri hadi joto la nyuzi 40. Liachie nafasi ya kupumua kingoni, na ulifunge kivulini, siku isiyo na joto kali wala baridi kali.

Hatua ya tano: Uchumba kabla ya ndoa

Lishike bamba mahali pake kwa selotepu. Anza kutoboa katikati, toka kwenda pembeni. Kila tundu likishatobolewa, tia kibanio cha muda cha springi, vile wanavyotumia mafundi wa ndege. Ukianza pembeni, bati litakusanya uvimbe katikati, nao hautoki tena.

Tundu lisikae ukingoni. Liweke mbali na ukingo angalau mara mbili ya upana wa ribiti: ribiti ya milimita 4 inataka milimita 8. Ukimaliza, toa vibanio vyote, literemshe bamba, na usafishe makombo ya chuma kwenye kila tundu, pande zote mbili. Naam, kila moja. Kombo lililobaki huliinua bamba kwa unene wa unywele, na maji hayahitaji zaidi ya hapo.

Hatua ya sita: Ezeka kama makuti

Aliyewahi kuezeka banda la makuti anaijua sheria hii. Unaanza chini, na safu ya juu inailalia ya chini, ili mvua iteremke mgongoni bila kuona mlango. Tela nalo ni hivyohivyo. Ukingo wa juu wa bamba uingie chini ya ukanda au bati lililo juu yake. Kama haiwezekani, ukingo huo ndio uupake gundi kwa ukarimu kuliko wote.

Paka gundi juu na ubavuni, mstari mmoja usiokatika, na uzungushe kila tundu. Chini usipake. Acha wazi. Maji hayakosi njia ya kuingia siku moja, na nyumba yenye hekima huyaachia njia ya kutoka. Kosa lililoila sakafu yangu lilikuwa hilo tu: mlango wa kutokea ulizibwa.

Hatua ya saba: Kaza, kisha ondoa mkono

Rudisha bamba, rudisha vibanio, uanze kupiga ribiti kutoka katikati. Chagua ribiti za aluminiamu za mkia uliozibwa, zisizoachia maji kupita katikati yake. Zichovye kwenye gundi kabla ya kuziingiza. Kila ribiti ikikaa, sikiliza: mlio wake ni mkavu na mfupi. Ikilialia na kuzunguka, itoe uipige nyingine leo, usingoje ikutoe safarini.

Futa gundi iliyochuruzika kabla haijakauka. Kisha liache siku mbili. Usilioshe, usilikokote, usilibonyeze kwa kidole kila nusu saa.

Hatua ya nane: Mzuie mrusha mawe

Bamba jipya nyuma ya tairi zilezile zisizo na mapira ya kuzuia tope litarudi kuwa bamba bovu. Weka mapira mapana nyuma ya tairi za gari linalokokota. Na kwenye changarawe punguza mwendo. Barabara ya Dalton kule Alaska ina kilomita 666, na sehemu kubwa yake ni changarawe. Anayeipita na bamba zima ni yule aliyekubali kufika kesho.

Mwisho: Usiku wa mvua

Mvua ya kwanza baada ya kazi yangu ilikuja usiku. Niliamka, nikaingia chini ya kitanda cha mbele na tochi mdomoni, nikapitisha kiganja kwenye sakafu mpya, kona hadi kona, kisha kwenye taa na kwenye mshono. Kulikuwa kukavu.

Kwangu bado ulikuwa usiku, lakini Nairobi kulikuwa kumeshapambazuka, kwa hiyo nikampigia mjomba. Nilimweleza juu ya bamba, jinsi linavyong'aa na jinsi ribiti zilivyonyooka kama uzi. Aliniacha niseme mpaka nikamaliza.

"Umelitazama kwa ndani, mpwa wangu?"

"Nimelitazama, mjomba."

"Basi lala."