Tajiri wa Bwawani na Sufuria ya Jirani

Ndugu yangu mwenye watoto wanaopenda kusoma, pole. Nakupa pole kabla hujanieleza lolote, maana najua unavyoishi. Mtoto akishashika kitabu, chakula cha jioni hakiliwi tena kwa amani. Kwetu hapa Rau mwezi huu wote mezani kulikuwa na kesi moja: kati ya wabaya wadogo wadogo wa hekaya za Abunuwas, nani ana roho mbaya kuwapita wenzake?

Nasema wadogo kwa sababu Sultani Harun Rashid tulishamtoa kwenye orodha. Yeye ni mkubwa, tena alikuwapo kweli, alikuwa khalifa wa Baghdad kuanzia mwaka 786 hadi 809. Hata Abunuwas alikuwa mtu wa kweli, mshairi wa zama hizo, kabla watu hawajamgeuza mjanja wa hadithi. Tulibaki na majirani na matajiri wasio na majina.

Binti yetu mkubwa, Profesa, anamshikilia tajiri wa harufu, yule aliyedai fedha kwa maskini aliyekula chakula chake kikavu karibu na harufu ya nyama ya tajiri huyo. Abunuwas alimlipa kwa kuchezesha fedha mbele yake: aliyeuza harufu achukue mlio. Kitinda mimba, tunayemwita Kisiki kwa sababu akikaa haondoki, anamchukia jirani wa sufuria. Huyo alikubali haraka kwamba sufuria yake aliyoiazima Abunuwas imezaa, akapokea na mtoto. Siku aliyoambiwa imekufa, ndipo akakumbuka kwamba sufuria si kiumbe. Waturuki wanazisimulia zote mbili kwa jina la Nasreddin Hodja, kwa hiyo wabaya hawa wamesumbua nyumba nyingi kabla ya yetu.

Wakili, wa kati, akapinga. "Lakini jirani ndiye aliyeibiwa sufuria! Inakuwaje ndiye mshtakiwa?"

Mke wangu, Mama Mwenye Nyumba, akamjibu bila kuinua macho kwenye mchele aliokuwa akichambua: "Aliyepokea mtoto bila kuuliza baba yake nani, ana hatia."

Mimi msimamo wangu haujabadilika na hautabadilika: mbaya ni tajiri wa bwawani. Kama tunavyoisimulia hapa nyumbani, tajiri huyo aliahidi zawadi kubwa kwa atakayekaa usiku kucha ndani ya bwawa la maji ya baridi. Kijana maskini akaingia. Mama yake akawasha moto mbali, ili mwanawe auone ajue hayuko peke yake. Kulipokucha tajiri akasema, "Umeota moto wa mama yako, hustahili kitu." Abunuwas akamwalika karamu, akatundika chungu upande mmoja na moto akauwasha upande mwingine kabisa, wageni wakasubiri kiive.

Waethiopia wanaisimulia kwa kilele cha mlima badala ya bwawa. Harold Courlander na Wolf Leslau waliiweka kwenye kitabu chao cha mwaka 1950, hata jina la kitabu likatokana nayo. Sisi tunaooga maji ya bomba Julai chini ya Kilimanjaro hatuhitaji kuelezwa baridi hiyo. Wa harufu alikuwa mroho, basi. Huyu alimwacha mtu ateseke hadi alfajiri, kazi ikaisha, ndipo akaanza kutafuta sababu ya kutolipa. Kibarua aliyepalilia mpunga kutwa nzima, jioni akaambiwa palizi haikupendeza, anamjua mtu huyu kwa sura. Ndiyo maana nikimtaja sauti inapanda, na watoto wanaanza kutazamana.

Jumapili moja akashuka mama mkwe kutoka Marangu. Kwa heshima zote tunamwita Mizani, ila si mbele yake. Akatusikiliza mpaka chai ikapoa.

"Mnahangaika na Baghdad," akasema, "na mbaya wenu yuko hapo juu nyuma ya mawingu."

Alimaanisha Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Unaijua hadithi: Mawenzi, kilele jirani yake, aliachia moto wake ukazimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa, akapewa na ndizi zilizotwangwa. Akanogewa, akarudi tena na tena, mpaka Kibo akampiga kwa mchi, na ndiyo sababu Mawenzi amechongoka vile. Tumelelewa kumcheka Mawenzi. Mizani akauliza: jirani akija kuomba kaa la moto, anapigwa mchi? Profesa akasema Kibo hawezi kuwa mbaya mdogo akiwa na mita 5,895, labda Mawenzi mwenye 5,149. Tukagawanyika upya, sauti zikajaa sebule.

Hakuna aliyemwona Wakili akitoka. Alikwenda kutafuta ushahidi. Jikoni kulikuwa na ndizi nyama za kumpokea Shemeji Nauli, aitwaye hivyo kwa sababu kila akifika getini na bajaji, nauli inatoka kwangu. Zilikuwa ndani ya sufuria kubwa tuliyoazima kwa jirani, Mama Maandazi. Wakili aliitundika kwenye mparachichi kwa kamba ya nguo, akawasha moto kule mferejini, akaketi kusubiri iive.

Kamba ikakatika. Shemeji Nauli aliingia akakuta kuku wanakula nyama, mbwa yuko kwenye ndizi, na sufuria ya watu imebonyea ubavu. Nikalipa bajaji. Tukala mkate.

Jioni watoto walikata shauri bila kunishirikisha. Waliichukua ile sufuria iliyobonyea, wakaweka ndani yake kisufuria chetu cha uji, wakaenda kwa Mama Maandazi kumpongeza kwamba sufuria yake imejifungua salama. Nilisimama nyuma yao na uso wa baba wa familia.

Mama Maandazi akaigeuza, akaikagua. "Mtoto nimempokea," akasema. "Ila mama mtu ameumia sana kwenye uzazi. Hospitali nani analipa?"

Akanitazama mimi. Kesho yake nikaipeleka kwa fundi. Kisufuria kikabaki kwake, na uji wetu sasa unapikwa kwenye sufuria ya wali. Profesa amemwongeza Mama Maandazi kwenye orodha, Mizani amemtetea kwa simu kutoka Marangu, na Kisiki kila asubuhi anaulizia kama kisufuria bado kizima.

Mama Mwenye Nyumba amemwambia kikifa tutaletewa taarifa, tusipeleke mtu kuuliza.