Sifa za Ufa

Hakuna aliyewahi kuutungia ufa kasida, na huo ni uchoyo wa washairi. Tena hao hao wakifika mwambao wa Kigoma husifu ziwa mpaka koo likauke, wasijue wanamsifu nani. Ziwa Tanganyika ni ufa uliojaa maji. Ardhi ilipasuka kwa mamilioni ya miaka, upande huu ikabaki Kigoma, upande ule Kongo, katikati pakazama kina cha mita 1,470 hivi. Migebuka na dagaa wanaishi humo. Leo mdogo wake akichungulia juu ya dirisha la nyumba kuukuu ya udongo pale Ujiji, mwenye nyumba anamvamia na ndoo ya lipu! Mtu wa nasaba hiyo?

Na undugu haujakatika. Tarehe 5 Desemba 2005 mkubwa alijinyoosha chini ya ziwa, tetemeko la 6.8. Mjini Kalemie, upande wa Kongo, nyumba zikaanguka na watu wakafa; hapo nasifu kwa sauti ndogo.

Lakini katika kusema kweli, ufa hauna mpinzani nyumbani. Ukianzia pembe ya dirisha ukapanda mshazari, mpana juu na mwembamba chini, umekwishatamka: kona ile inashuka. Zunguka nje uone. Bati halina gata, maji ya masika yamechimba msingi. Au choo cha shimo kimesogezwa karibu mno. Au mwembe, ambao kila mtu anausifu kwa kivuli, umepitisha mizizi chini ya ukuta. Ufa umekutajia mshtakiwa bila kudai posho.

Hufundisha hesabu pia. Chora mstari wa penseli ncha yake inapoishia, andika tarehe. Gandisha kipande cha kioo juu yake kwa saruji. Kikipasuka, nyumba inatembea. Ule unaofunguka kiangazi udongo ukinywea, na kujifumba mvua zikirudi, ni mpangaji tu. Unaozidi kupanuka misimu yote, na mlango umeanza kugoma kufunga, mwite mhandisi kabla ya shekhe.

Sijataja huduma ndogondogo: hutunza wembe, sindano na risiti ya LUKU, humpa mjusi makazi, na humpa mpangaji hoja siku ya kodi.

Waliotunga methali ya kuziba ufa walikuwa na haraka. Lipu humfunga shahidi mdomo, mshtakiwa akaendelea na kazi yake. Na lipu ya saruji juu ya ukuta wa udongo hufungia unyevu ndani, kisha hubanduka vipande vizima. Udongo unataka udongo mwenziwe, au chokaa. Fundi mmoja alinitajia bei ya kuziba sasa, na punguzo la kuziba tena mwakani. Nikamwomba fedha hiyo hiyo aninunulie gata. Akaniangalia kwa huruma: yeye ni fundi lipu, mambo ya maji si yake.